Munganga Eugène Jamot: aliyefukuza ugonjwa wa usingizi, na vipofu wa Bafia

Kule Yaoundé, mbele ya Wizara ya Afya ya Kameruni, kuko sanamu ya Mufransa mumoja. Hospitali moja ya muji ule inabeba pia jina lake. Huku kwetu Kinshasa, sanamu za Leopold na za Stanley zilitolewa barabarani tangu zamani, na miji mingi ikabadilishwa majina. Wakameruni, wao, walimuacha munganga Eugène Jamot asimame pale. Wako na sababu ya kumuacha, na wangekuwa pia na sababu ya kumuondoa, na zote mbili zinatoka mu kazi ileile moja.

Jamot alizaliwa tarehe 14 ya mwezi wa 11, mwaka wa 1879, mu kijiji cha Saint-Sulpice-les-Champs, jimbo la Creuse, katikati ya Ufaransa. Creuse ni inchi ya walimaji na wafugaji. Udongo wake si wa utajiri, na tangu zamani wanaume wake walizoea kutoka kwenda kutafuta kazi ya kujenga nyumba mu miji mikubwa. Wazazi wa Jamot hawakuwa watu wa feza. Lakini mutoto alikuwa na kichwa ya masomo. Alisoma sayansi, kisha akavuka bahari kwenda Aljeria kufanya kazi mu shule, na baada ya pale njo akasomea uganga. Alimalizia masomo Montpellier mwaka wa 1908, karibu ya kufikisha miaka 29. Si kijana tena, kwa mutu anayeanza.

Akawa munganga wa kijiji kule Sardent, karibu na kwao. Kutembelea wagonjwa, kuzalisha wamama, kufunga mikono iliyovunjika. Angeweza kubaki pale mpaka uzee, na hakuna mutu angemujua leo. Lakini mwaka wa 1910 akaingia mu jeshi la waganga wa makoloni. Kwanza wakamutuma Chadi, upande wa Ouaddaï, fasi Wafransa walikuwa wangali wanapigana na wenyeji. Aliporudi alifuata masomo ya vijidudu ku Institut Pasteur ya Paris, kisha akatumwa Brazzaville. Vita ya 1914 ikamukuta huku. Akatembea na majeshi yaliyotoka Afrika ya Kati ya Wafransa kuingia Kameruni ya Wadachi. Mwaka wa 1916 akafanywa mukubwa wa Institut Pasteur ya Brazzaville, ngambo tu ya Léopoldville yetu. Mu zile safari njo alikutana na ugonjwa wa usingizi uso kwa uso.

Tukumbushe ugonjwa wenyewe, juu vijana wa leo wanausikia tu sawa hadisi ya wazee. Inzi ya tsetse, ile inakaaka ku miti kando ya mito na ku vivuko, inauma mutu mugonjwa na kunyonya damu yake. Mu ile damu muko mududu mudogo sana, haonekani kwa macho, anaitwa tripanosoma. Kisha ile inzi inauma mutu muzima na kumupa mududu. Mwanzoni ni homa inayokuja na kuondoka, kichwa kuuma, tezi za shingo kuvimba. Mutu anaweza kutembea hivi miezi mingi, hata miaka. Anafikiri ni malaria. Halafu mududu anaingia mu ubongo. Hapo mugonjwa anageuza muchana kuwa usiku, analala mezani chakula kikiwa mukononi, anakonda, wengine wanakuwa wakali, wanapiga bibi na watoto, jamaa inafikiri ni wazimu ao ni ulozi. Bila dawa, mwisho ni kifo.

Ugonjwa ulikuwako mbele ya wazungu kufika. Wazee walijua fasi mbaya, walijua kuhamisha kijiji. Lakini mwisho wa miaka ya 1800 na mwanzo wa 1900, ulilipuka sawa moto wa pori. Kule Uganda, pembeni ya ziwa Victoria, watu mamia ya maelfu walikufa. Mu Congo ya Leopold, kando ya muto mukubwa na matawi yake, vijiji vizima vilibaki tupu. Na hili halisemwi sana mu vitabu vya sifa: ni ukoloni wenyewe ulioeneza ugonjwa. Wapagazi walibebeshwa mizigo safari za majuma, askari walitembezwa toka jimbo hili mpaka lile, watu walisukumwa mu misitu kutafuta mupira, meli zilipanda na kushuka muto na inzi ndani yake. Chakula kikapungua, miili ikalegea. Kwa hiyo waganga wa kizungu walikuja kuzima moto ambao ndugu zao walikuwa wameupepea.

Kwa sisi watu wa mashariki, historia ya ule mududu iko na kaburi lake karibu. Mwingereza Joseph Everett Dutton, wa shule ya magonjwa ya inchi za joto ya Liverpool, njo aliyetambua tripanosoma mu damu ya mutu kule Gambia na kuupa jina mwaka wa 1902. Mwaka uliofuata akaja Congo pamoja na mwenzake Todd, wakapanda muto mpaka Maniema. Huku wakajifunza pia homa ingine, ile inaletwa na papasi. Homa hiyo ikamushika Dutton mwenyewe, akafa Kasongo mwezi wa pili wa 1905, akiwa na miaka 30. Alizikwa palepale. Wakati ule, Jamot alikuwa bado hajamaliza masomo yake ya uganga.

Mbele ya Jamot, serikali za kikoloni zilipambana na ugonjwa namna gani? Kwa kufungia watu. Wabeleji walijenga lazareti, sawa ile ya Ibembo upande wa Uele. Wagonjwa walipelekwa kule mbali na jamaa, wengi hawakurudi, na watu wakaona ile nyumba kuwa nyumba ya kufia. Walikuja pia na karatasi ya njia: bila karatasi ya munganga, mutu hakuwa na ruhusa ya kutoka jimbo moja kwenda lingine. Matokeo yake yanajulikana. Mutu akihisi tezi shingoni, anajificha. Chefu anaficha watu wake. Na ugonjwa unatembea usiku, bila karatasi.

Wazo la Jamot lilikuwa jepesi kusema, gumu kufanya. Aliona kwamba munganga anayekaa hospitalini anawapata tu wale wanaokaribia kufa, na hao si hatari kubwa kwa wengine. Hatari ni yule anayetembea, anayelima, anayevua samaki, tezi zake zimevimba kidogo tu na yeye mwenyewe hajui. Huyo njo gala ya mududu. Basi munganga afunge mikroskopi yake mu sanduku, afuate watu mpaka kijiji cha mwisho, aangalie kila mutu, muzima na mugonjwa, na amupige sindano yule aliye na mududu, palepale. Hata kama dawa haimuponyeshi kabisa, damu yake itasafishwa kwa muda, na inzi haitapata kitu cha kubeba. Kumutunza mumoja ni kuwakinga jirani zake.

Mwaka wa 1917 akaanza kule Oubangui-Chari, inchi tunayoita leo Afrika ya Kati. Kwa miaka miwili, yeye na kikundi chake walipima watu karibu 90.000. Kwa wakati ule, bila gari, kwa miguu na kwa pirogi, ni kazi ya ajabu.

Kazi yenyewe ilipangwa sawa kiwanda. Kijiji kinakusanywa asubuhi, chefu mbele, majina yanasomwa kufuatana na daftari. Watu wanapanga mustari. Wa kwanza anashika shingo tu, siku nzima: anatafuta tezi. Akiipata, mwingine anachoma sindano mu ile tezi, anatoa tone moja la maji, analiweka ku kioo. Wa tatu anakaa mbele ya mikroskopi, hainui kichwa. Asipoona kitu, wanachukua damu, wanaizungusha mu mashine mpaka mududu ashuke chini, wanaangalia tena. Aliye na mududu anaandikwa alama ku kifua, kwa rangi. Kisha anapelekwa kuchomwa sindano ya mugongo, kutoa maji ya uti, juu ya kujua kama mududu amekwisha kufika ku ubongo. Mwishoni ni meza ya dawa: anapimwa uzito, kipimo cha dawa kinaandikwa, sindano inapigwa, jina linaingia mu daftari. Hivyo watu mamia wanapita mu siku moja. Kila mutu wa kikundi anarudilia kitendo kimoja tu, lakini anakifanya vizuri kuliko munganga anayefanya yote.

Na wale watu wa kikundi walikuwa nani? Waganga wa kizungu walikuwa wachache. Waliokaa mbele ya mikroskopi, walioshika shingo, waliopiga sindano, wengi wao walikuwa vijana weusi waliofundishwa na Jamot na wenzake. Bila wao hakuna misioni. Aliwafundisha kwa ukali, lakini aliwaamini kwa kazi ambayo wazungu wengi wa wakati ule walisema mweusi hawezi kuifanya. Sanamu ya Yaoundé ni ya Jamot peke yake.

Kwa wanakijiji, ile siku haikuwa siku ya furaha. Askari walikuwako. Daftari ya munganga ilifanana sana na daftari ya kodi, na mara ingine ilikuwa ileile. Kuvuliwa nguo mbele ya wakwe na watoto, kuchomwa shingo, halafu sindano ndefu mu mugongo na kichwa kinachouma siku tatu: wengi walikimbilia porini waliposikia kikundi kinakuja. Tena sindano zilikuwa chache na watu wengi, na hapakuwa wakati wa kuzichemsha vizuri kati ya mutu na mutu. Miaka mingi baadaye, watafiti waliopima damu ya wazee wa Afrika ya Kati waliotunzwa zamani kwa ugonjwa wa usingizi wakakuta alama za virusi zinazopita mu damu, sawa vile hepatiti C, na wakaona uhusiano na zile sindano. Jamot hakujua virusi hivyo. Hakuna aliyevijua mu wakati wake.

Mwaka wa 1922 akapelekwa Kameruni, ambayo Wafransa walikuwa wamenyanganya Wadachi. Upande wa muto Nyong, hali ilikuwa ya kutisha. Kulikuwa vijiji ambamo zaidi ya nusu ya watu walikuwa na mududu. Akaweka makao Ayos, akajenga pale kambi ya wagonjwa na shule ya wauguzi. Lakini feza zilikuwa kidogo, na kila mukubwa wa jimbo alitaka kuamuru waganga wa kwake. Jamot hakuwa mutu wa kunyamaza. Aliandika barua juu ya barua, alipiga kelele Yaoundé, alipiga kelele Paris. Alitaka misioni yenye feza yake, watu wake na mamlaka yake, isiyoulizia ruhusa kwa kila commandant wa wilaya. Mwaka wa 1926 akapata: misioni ya kudumu ya kupiganisha ugonjwa wa usingizi, yeye akiwa mukubwa wake. Na pale pale akapata maadui, juu wakubwa wa serikali hawapendi serikali ndogo ndani ya yao.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya sifa. Vikundi vikaongezeka, wauguzi wakafika mamia. Watu mamia ya maelfu walipimwa, na wagonjwa waliopatikana walipita 100.000. Ugonjwa ukaanza kurudi nyuma: mu vijiji vilivyotembelewa mara kwa mara, wagonjwa wapya walipungua sana. Jamot alikuwa anapenda kusema kwamba atawaamsha watu weusi toka usingizini. Maneno hayo yalifurahisha Paris. Kwa masikio yetu ya leo yako na harufu ya kiburi, sawa vile Afrika nzima ilikuwa imelala ikimungojea yeye. Lakini mama wa Ayos aliyeona mutoto wake anaamka kweli, sijui kama alihesabu kiburi cha munganga.

Sasa tuje kwa dawa, juu hapo njo shida ilizaliwa.

Dawa ya kwanza iliitwa atoksili. Ilitengenezwa na arseniki, yaani sumu. Mudachi Robert Koch, yule aliyevumbua mududu wa kifua kikuu, aliijaribu mwaka wa 1906 na 1907 ku visiwa vya Sese, mu ziwa Victoria, upande wa Uganda. Wagonjwa walipata nafuu, na kwa kutafuta nafuu zaidi akaongeza kipimo. Watu wengine wakapofuka. Kwa hiyo, tangu wakati ule waganga wote walijua: arseniki ikizidi, inakula mushipa wa macho, na jicho likizimika hivyo haliwaki tena. Tena atoksili ilisafisha damu tu. Mududu aliyekwisha kuingia ku ubongo, haikumufikia.

Dawa ya pili, triparsamidi, ilipita kwetu. Ilitengenezwa New York, ku Rockefeller Institute, na watu waliotafuta namna ya kugeuza arseniki ili iweze kufika mu ubongo. Walipoona inaponyesha panya na sungura, ilibaki kuijaribu kwa watu. Mwaka wa 1920 wakamutuma Léopoldville munganga mwanamuke, Louise Pearce, aliyekuwa na miaka 35. Alikuja peke yake. Alifanya kazi na Wabeleji wa hospitali na wa laboratwari, akatunza wagonjwa zaidi ya 70, wengine wakiwa wamefikia hatua ya wazimu. Wengi wakaamka. Wengine waliokuwa wanabebwa wakaanza kutembea. Serikali ya Ubelgiji ikamupa medali, na mwaka wa 1953 ikamukumbuka tena kwa zawadi ya feza, pamoja na wenzake. Lakini mu hesabu zake yeye mwenyewe Pearce aliandika pia kwamba kuna wagonjwa walioanza kuona ukungu, na kwamba ikitokea hivyo lazima kupunguza ao kusimamisha. Majina ya wale wagonjwa wa Léopoldville, walioponyesha watu wa Afrika nzima kwa miili yao, hatukufundishwa shuleni.

Triparsamidi ikafika Kameruni, na Jamot akaipokea kwa mikono miwili. Sasa angeweza kutunza hata wale wa hatua ya pili, wale walioachwa kufa. Kipimo kilikuwa wazi, kilifuata uzito wa mutu.

Kaskazini-magharibi ya Yaoundé, ngambo ya muto Sanaga, kuko muji wa Bafia. Ugonjwa ulikuwa mukali kule. Kazi ya upande ule ilipewa munganga kijana wa misioni. Yeye alifikiri kwamba kipimo kilichoandikwa ni kidogo, kwamba akikizidisha mara mbili na zaidi wagonjwa watapona upesi. Hakuomba ruhusa. Juma kwa juma, sindano zikaendelea. Wagonjwa wakaanza kulalamika kwamba hawaoni vizuri. Kisha wakaanza kuja wakishikwa mukono na watoto. Ilipofika kuhesabiwa, walikuwa karibu watu 700 waliopoteza macho.

Tusimame kidogo hapa. Watu 700, mu jimbo moja. Mulimaji aliyepofuka halimi. Mama aliyepofuka anapikaje, anachota maji namna gani? Kila kipofu anafunga na mutoto mumoja wa kumuongoza njia, basi hesabu si 700 tena, inakaribia mara mbili. Na hawa hawakuomba kutunzwa. Walipangwa mustari na askari, jina likasomwa, wakanyoosha mukono. Kuna waliokuwa na mududu lakini wangali na nguvu, wanalima, hawasikii maumivu. Walitoka nyumbani wazima machoni pao wenyewe.

Hapa njo naona kosa lisilo la munganga kijana peke yake. Kazi iliyopangwa sawa kiwanda iko na nguvu ya kiwanda na upofu wa kiwanda. Yule wa mikroskopi anaangalia kioo, yule wa sindano anaangalia daftari. Nani anaangalia macho ya mutu na kumuuliza: unaona namna gani tangu juma lililopita? Mugonjwa mweusi hakuwa na fasi ya kusema hapana mbele ya muzungu mwenye sindano, na muuguzi mweusi hakuwa na fasi ya kumuambia munganga wake kwamba watu wanapofuka. Na Jamot, aliyetaka kuamuru yote, alikuwa na jimbo kubwa mno kwa macho ya mukubwa mumoja.

Jamot hakupiga zile sindano, na hakutoa amri ya kuongeza dawa. Alipojua, kipimo kikarudishwa. Lakini alikuwa mukubwa wa misioni, na habari haikufika Paris kwa njia wala kwa wakati ambao wakubwa walitaka. Maadui aliowafanya kwa miaka kumi walikuwa wanangojea tu. Mwaka wa 1931, Paris ilikuwa mu sikukuu ya Maonyesho makubwa ya makoloni. Ufaransa ilionyesha dunia nzima uzuri wa kazi yake Afrika, na vita ya Jamot ilikuwa moja ya maua ya kuonyesha. Ua likinyauka mu wakati sawa ule, linatupwa upesi.

Mwezi wa 11 wa mwaka uleule, Jamot alikuwa mu meli, anarudi Kameruni. Meli iliposimama Dakar, wakapanda kumushusha. Akafungiwa pale kwa amri ya kijeshi, yeye aliyekuwa na medali kifuani. Misioni yake ikanyanganywa uhuru wake, ikawekwa chini ya serikali ya kawaida. Hakukanyaga Kameruni tena mu maisha yake.

Je, walimuonea? Marafiki zake waliandika hivyo, na wengi wa waganga wa makoloni wanasema hivyo mpaka leo. Kuna ukweli: walimukamata juu ya aibu na juu ya chuki ya zamani kuliko juu ya vipofu. Lakini mu ile kelele yote ya Dakar na ya Paris, ya nani aliandika barua gani na nani alificha ripoti gani, watu wa Bafia walipotea. Kesi ikawa ya wazungu kati yao. Mwandishi akitafuta habari za Jamot atapata karatasi nyingi juu ya uchungu wa moyo wake. Juu ya namna vipofu 700 walivyomaliza maisha yao, karatasi ni nyembamba.

Walimuachilia, wakamuuliza atazame ugonjwa mu Afrika ya Magharibi. Mwaka wa 1932 akaweka makao Ouagadougou, inchi ya Burkina Faso ya leo. Wakubwa wa kule walisema kwamba ugonjwa wa usingizi kwao si jambo kubwa. Jamot akapanga meza, akapanga mustari, akafungua shule ya wauguzi sawa ile ya Ayos, na kwa miaka michache akapata wagonjwa makumi ya maelfu. Hapo pia hakujua kusema polepole. Kuonyesha mukubwa wa koloni kwamba koloni yake ni gonjwa, ni kumutukana. Wakagombana juu ya feza, juu ya uhuru wa kazi, yaleyale ya Yaoundé. Mwaka wa 1935 akarudishwa Ufaransa, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya jeshi.

Akarudi Sardent, kijiji kilekile alichoanzia. Akafungua tena mulango wa munganga wa kijiji: kikohozi cha wazee, wamama wa kuzalisha. Si muda mrefu. Tarehe 24 ya mwezi wa 4, 1937, damu ikamupanda ku kichwa, akafa akiwa na miaka 57. Miaka miwili baadaye, Wafransa wakaunda mu Afrika yao ya Magharibi huduma kubwa ya ugonjwa wa usingizi chini ya munganga Muraz, yenye uhuru na vikundi vya kutembea, karibu sawa kabisa na vile Jamot aliyefukuzwa alikuwa ameomba.

Triparsamidi yenyewe iliendelea kutumiwa miaka mingi mbele. Baadaye ikaja dawa ingine ya arseniki, melarsoprol. Ilichoma mushipa sawa moto na iliua karibu mugonjwa mumoja kwa 20, lakini kwa waliokuwa na mududu ku ubongo hapakuwa ingine. Congo yetu ilipopata uhuru, wagonjwa walikuwa wamebaki kidogo sana. Halafu vikundi vikasimama, magari yakakufa, vita zikaja, na ugonjwa ukarudi polepole bila mutu kuhesabu. Mwaka wa 1998 inchi yetu peke yake iliandikisha wagonjwa zaidi ya 26.000. Ilibidi kuanza tena: meza chini ya muti, kushika shingo, mikroskopi.

Leo hivi hesabu imeshuka, dunia nzima haifikishi wagonjwa 1.000 kwa mwaka, ingawa wengi wao wangali kwetu. Tangu mwisho wa 2018 Congo iliruhusu dawa ya kumeza, feksinidazoli, iliyojaribiwa sana sana huku kwetu na waganga wetu wenyewe. Vidonge siku kumi, bila arseniki. Vikundi vingine vinafika vijijini na pikipiki, mikroskopi mu sanduku nyuma ya kiti. Na mbele ya kumupa mutu kidonge cha kwanza, muuguzi anapaswa kumueleza kwanza na kungojea jibu lake.